Kuongeza mafuta ya breki si kuyabadilisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu makala ya ushauri kwa madereva iliyochapishwa na gazeti lako hivi karibuni, ambayo pamoja na mambo mengine mema iliwataka wenye magari wafungue boneti kila wiki, watazame kikopo cha mafuta ya breki na kuyaongeza pale yanapopungua. Ushauri huo si wa uongo, na aliyeuandika anastahili pongezi kwa kuigusa breki, maana wengi wetu tunaijua oili ya injini na maji ya rejeta lakini tunakisahau kabisa kile kikopo kidogo cha plastiki kilichojibanza pembeni. Hata hivyo uliishia njiani, na nachelea kwamba msomaji atakayeufuata kama ulivyo atakuwa na kikopo kilichojaa na breki zisizoaminika.

Nasema hivyo kwa kuwa nami nilikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka 6 niliyokuwa na gari langu la kwanza sikuwahi kuyaacha mafuta yale yashuke chini ya mstari. Kila yaliposhuka niliongeza, nikafunga kifuniko na kujihesabu miongoni mwa madereva waangalifu. Siku moja nilikuwa nikiteremka mlima mrefu wenye kona nyingi, gari limebeba abiria 4 na mizigo, na mguu wangu ulikuwa juu ya breki karibu muda wote kwa sababu ya uvivu wa kurudisha gia. Tulipokaribia kona za mwisho nilikanyaga pedeli ikashuka laini, kana kwamba chini yake kuna sifongo. Nikaiachia, nikakanyaga tena, ikazama mpaka sakafuni na gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Niliyoyafanya baada ya hapo yalikuwa ya bahati zaidi kuliko ya ujuzi: nilitia gia ya pili, injini ikanguruma kwa uchungu, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na barabara ilipoanza kupanda gari likasimama. Hakuna aliyeumia. Tulikaa kando ya barabara karibu saa nzima bila mtu kusema neno, magurudumu ya mbele yakitoa harufu ya kuungua.

Kilichonishangaza kuliko mkasa wenyewe ni yale yaliyofuata. Gari lilipopoa nilijaribu pedeli nikaikuta ngumu kama siku zote, nikaendesha taratibu sana mpaka gereji. Fundi alikanyaga breki, akalizungusha gari uwanjani, akainama kwenye magurudumu yote 4 kutafuta uvujaji na asiuone, kisha akafungua kifuniko cha kikopo na kukuta mafuta yamefika juu kabisa. Akanieleza kwa upole kwamba breki ni nzima, na kwamba labda kwa hofu nilikanyaga klachi nikidhani ni breki. Nilikaribia kumwamini. Ni fundi wa pili, mzee aliyekuwa akifanya kazi zake chini ya mti jirani na gereji hiyo, ndiye aliyeniuliza swali ambalo katika miaka yote ile sikuwahi kuulizwa na mtu.

“Mwanangu, haya mafuta yalibadilishwa lini?”

“Mzee wangu, mimi huyaongeza kila yanapopungua.”

“Nimeuliza yalibadilishwa lini.”

Sikuwa na jibu. Akachomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye kalipa ya gurudumu la mbele, yaani kile kifaa kinachobana breki gurudumuni, akaniamuru nikanyage pedeli, na ndani ya chupa yakaanza kushuka mafuta ya kahawia iliyokolea, mazito, yenye chembe chembe nyeusi zilizotua chini. Aliiinua chupa ile na kuishikilia ubavuni mwa kikopo changu, ambamo mafuta yaliyokuwa yakionekana yalikuwa ya rangi ya asali, safi, kwa kuwa nilikuwa nimeyaongeza mwezi mmoja tu uliopita. Mafuta yale na haya yalikuwa ndani ya gari moja, kwenye mfumo mmoja, na hayakuwa yamekutana.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote, Mhariri. Oili ya injini huzunguka: pampu huivuta, huipitisha kwenye chujio na kuirudisha, hivyo ukiongeza nusu lita leo, kesho imeshachanganyika na iliyokuwamo. Mafuta ya breki hayazunguki. Dereva anapokanyaga pedeli, mafuta yaliyo ndani ya mabomba husogea kiasi kidogo mno, kiasi cha kuzisukuma pedi zikaigusa diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na anapoachia hurudi pale pale. Yaliyokuwa kwenye kalipa siku gari lilipotoka kiwandani yanaweza kubaki kwenye kalipa hiyo hiyo kwa miaka 10, yakipashwa moto na kupoa kila siku, huku mwenye gari akijaza mapya kikoponi na kuridhika na anachokiona. Kuongeza juu hakuyafikii yaliyo chini.

Kwa nini mafuta yaliyokaa yawe na hatari? Nguvu ya mguu wa dereva haifiki magurudumuni kwa nyaya, bali kwa kimiminika kilichofungiwa ndani ya mabomba membamba ya chuma na mipira inayopindika. Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa wa karne ya 17, ndiye aliyeonyesha kwamba mgandamizo unaotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa kila upande, na kanuni hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye magari miaka zaidi ya 100 iliyopita. Duesenberg ya Marekani ya mwaka 1921 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa yakiwa na breki za namna hii kwenye magurudumu yote 4. Mfumo mzima unategemea jambo moja, kwamba kimiminika hakibonyei. Hewa hubonyea, na mvuke hubonyea. Ukiingia mvuke ndani ya bomba, mguu wa dereva hutumika kuubana mvuke badala ya kuibana diski.

Na mvuke huo hutokana na maji. Mafuta ya breki yanayotumika kwenye magari mengi, yale ya daraja za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli ambazo zina tabia ya kufyonza unyevu. Unyevu huo huingia kupitia tundu dogo la kupumulia lililo kwenye kifuniko cha kikopo, huingia kila kifuniko kinapofunguliwa, na hupenya polepole hata kwenye kuta za mipira inayokwenda magurudumuni, ingawa kwa macho mipira ile haina tundu lolote. Wapo wanaodhani kwamba tabia hii ni kasoro ya mafuta yenyewe. La hasha, ilikusudiwa. Maji yasipoyeyuka ndani ya mafuta yatajikusanya mahali pa chini kabisa pa mfumo, yaani kwenye kalipa, na huko yatakula chuma na kuchemka kwenye nyuzijoto 100 tu. Ni afadhali yatawanyike ndani ya mafuta yote, na mafuta hayo yaondolewe kabla hayajazidiwa. Tatizo ni kwamba sehemu ya kwanza ya mpango huo hujifanya yenyewe, ilhali ya pili inamngoja mwenye gari.

Viwango vilivyowekwa na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ambako ndiko yalikotoka yale maandishi ya DOT tunayoyaona kwenye chupa, vinaeleza jambo hili kwa tarakimu. Mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka mpaka 140. Kwa DOT 4, kutoka 230 mpaka 155. Tazama jinsi maji kidogo yanavyofanya kazi kubwa: chini ya sehemu 4 katika 100, na uwezo wa kuvumilia moto umepungua kwa nyuzijoto zaidi ya 60. Nawe ukikumbuka kwamba diski za mbele za gari lililobebeshwa na kuteremshwa mlimani huku limekanyagiwa breki zinaweza kupita nyuzijoto 300, na kwamba joto hilo hupita kwenye pedi na pistoni inayozisukuma, likayafikie mafuta yaliyo nyuma yake, utaelewa kilichonipata kwenye zile kona za mwisho.

Utaelewa pia kwa nini fundi wa kwanza hakuona kitu, wala simlaumu sana. Mvuke ukipoa hurudi kuwa kimiminika. Pedeli hupanda, breki hukamata, hapana tone lililodondoka chini, hapana mpira uliopasuka. Ushahidi hujifuta wenyewe ndani ya saa moja. Mara ngapi tumesoma, hata katika gazeti hili, kwamba gari “lilifeli breki” mteremkoni, na habari ikaishia hapo kana kwamba breki hufeli kama vile mvua inavyonyesha! Sidai kwamba kila ajali ya namna hiyo ilisababishwa na mafuta yaliyochoka. Zipo pedi zilizokwisha, mabomba yaliyotoboka, mizigo iliyozidi na madereva wanaoteremka kwa gia ya 5. Ninachosema ni kwamba swali la umri wa mafuta ni nadra kuulizwa, na lisipoulizwa mapema, baada ya gari kupoa hakuna tena kitu cha kuonekana kwa jicho.

Nirudi kwenye ushauri wa kuongeza, maana una tatizo la pili ambalo mwandishi hakulitaja. Mafuta ya breki hayaungui kama oili wala hayakauki kama maji. Yakipungua kikoponi, yamekwenda mahali. Kwa kawaida yamekwenda nyuma ya pistoni za kalipa, kwa sababu pedi zinavyolika pistoni husogea mbele kuzifuata, na nafasi inayobaki nyuma yake hujazwa mafuta. Kikopo kinachoshuka pole pole kwa miezi kadhaa ni kama karani anayeandika hesabu ya pedi zako. Ukikijaza bila kuzitazama pedi umemfutia karani hesabu yake. Zikija kubadilishwa, fundi atazirudisha pistoni ndani, na mafuta yale uliyoongeza yatafurika na kumwagika, yakibandua rangi ya gari kila yanapogusa. Na kama yameshuka ilhali pedi bado nene, basi yanavuja, na gari hilo si la kuongezewa mafuta bali la kuegeshwa mpaka panapovuja papatikane. Kwa vyovyote vile, chupa iwe ya mwisho kushikwa na tochi iwe ya kwanza.

Yabadilishwe lini, basi? Watengenezaji wengi wa magari huandika kila baada ya miaka 2, wengine 3, na kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho. Angalia kwamba ni miaka, si kilomita. Gari linaloshinda limeegeshwa nyumbani hufyonza unyevu kama lile linaloshinda barabarani, na wenye magari ya kutokea Jumapili tu ndio mara nyingi hushangaa wakiambiwa mafuta yao yameoza. Rangi nayo isikudanganye. Mafuta meusi yanastahili kutolewa bila mjadala, lakini mafuta meupe hayajathibitisha lolote, kwani maji hayana rangi. Vipo vipimo vya mkononi, vinavyofanana na kalamu, ambavyo huwasha taa ya kijani, ya njano au nyekundu kulingana na unyevu uliomo. Vinasaidia, lakini vingi huchovywa kikoponi, mahali penye mafuta mapya kuliko kwingine kote, na kwa gari langu la wakati ule kingewaka kijani kwa furaha. Kipimo kinachochemsha tone la mafuta na kusoma joto lake kinaaminika zaidi. Asiye na kipimo chochote anayo kalenda.

Kazi yenyewe haihitaji mashine kubwa, ila inataka watu wawili wanaosikilizana na subira ya saa moja au mbili. Mafundi wetu huiita kutoa upepo, na jina hilo limechangia kupotosha, kwa sababu fundi akishaona mapovu yamekwisha huhesabu kwamba amemaliza, ilhali katika kubadilisha mafuta mapovu si hoja. Hoja ni kuyasukuma yote ya zamani mpaka mapya yatokee upande wa pili. Yule mzee alianza kwa kukifuta vumbi kifuniko kabla ya kukifungua, akayafyonza mafuta ya kikoponi kwa bomba kubwa la sindano, akajaza mapya, na hapo tu ndipo alipokwenda magurudumuni. Nilipomuuliza kwa nini asianze moja kwa moja chini, alinijibu kwamba hawezi kuyapitisha machafu ya juu kwenye njia ndefu yote ile kwanza ndipo yafuate masafi.

Alianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedeli, akamaliza na lililo karibu. Huo ndio utaratibu wa magari mengi, ingawa yapo ambayo mabomba yake yamegawanywa kwa mshazari na yana mpangilio wake, na hapo tena kitabu cha gari husikilizwa kuliko mazoea. Kwenye kila gurudumu ipo skrubu ndogo yenye tundu ndani yake, nipeli, na juu ya nipeli hiyo ndipo alipochomeka mpira wake, ncha ya pili ikiwa imezama kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa ili hewa isipate njia ya kurudi. Mimi nilikuwa ndani ya gari. Akisema “kanyaga”, nilikanyaga na kujibu “nimeshika”. Akifungua nipeli kwa robo mzunguko nilihisi pedeli ikishuka chini ya mguu wangu, nikaishikilia pale pale bila kuiachia, mpaka niliposikia “nimefunga”. Anayeachia kabla ya nipeli kufungwa huvuta hewa ndani na kazi huanza upya. Niliachia mapema mara moja. Mzee hakusema kitu, alitazama tu povu likipanda kwenye mpira, akatikisa kichwa.

Jambo jingine alilolifanya, ambalo nimeliona likipuuzwa mahali pengi, ni kuweka kipande cha mbao chini ya pedeli ili isifike sakafuni. Katika matumizi ya kila siku pedeli husafiri nusu ya njia yake tu, kwa hiyo mipira iliyo ndani ya masta silinda hupita kwenye sehemu ile ile iliyolainika kwa miaka. Sehemu iliyobaki haiguswi, na kwenye gari kuukuu huota kutu na utando. Ukiikandamiza pedeli mpaka chini mara 40 au 50 wakati wa kutoa mafuta, unaipitisha mipira ile laini juu ya kutu hiyo na kuichana. Kisha mwenye gari hulalamika kwamba breki zake ziliingia gereji zikiwa nzima zikatoka zikizama, na fundi huapa kwamba hakugusa masta silinda. Wote wawili husema kweli.

Katika kazi yote hiyo kikopo kisiachwe kikauke. Kila baada ya kukanyaga mara 5 au 6 mtu atazame na kuongeza, kwa sababu kikikauka hewa huingia tangu juu, na kwenye magari yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki ikikanyagwa ghafla, inaweza kujificha ndani ya vali za mfumo huo, isiweze kutolewa ila kwa kompyuta ya kuzifungua na kuzifunga. Magari ya miaka ya karibuni ambayo breki zake huendeshwa kwa umeme, yakiwemo mengi ya haiburidi, yasiguswe kabisa na mtu asiye na kifaa hicho. Kwa gari dogo la kawaida lita moja hutosha, na kama klachi nayo ni ya mafuta na inachota kwenye kikopo hicho hicho, isiachwe na mafuta yake ya zamani. Pikipiki zenye breki za diski zina hadithi ile ile kwa kikopo kidogo zaidi.

Sasa niseme kuhusu chupa, kwa kuwa humo ndimo kazi nzuri huharibikia. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja, na gari lililoandikiwa DOT 3 kwa kawaida linaweza kutiwa DOT 4, ingawa lililoandikiwa DOT 4 lisirudishwe kwenye DOT 3. DOT 5 ni kitu kingine. Hiyo ni ya silikoni, haifyonzi maji, haichanganyiki na hizo nyingine, wala haifai kwenye magari ya kawaida yenye ABS. Waliochagua majina haya walitutendea vibaya: nukta na tarakimu moja ndizo zinazotenganisha 5 na 5.1, na ndizo msomaji mwenye haraka dukani asizoziona. Ubaya mkubwa kuliko huo ni kutia oili ya injini au mafuta ya usukani kwenye kikopo cha breki, kosa ambalo hufanyika gizani au na kijana aliyetumwa tu. Mipira ya breki hutengenezwa kuvumilia glaikoli. Ikiguswa na mafuta yatokanayo na mafuta ghafi huvimba na kulegea, na hapo hakuna kusuuza, bali kubadilisha kila chenye mpira tangu masta silinda hadi magurudumuni.

Na chupa ikishafunguliwa huanza kufyonza unyevu kama mafuta yaliyo ndani ya gari. Nimezoea kuona kwenye rafu za gereji chupa zilizobaki robo, kifuniko kimelegea au hakipo, zikingoja mteja anayefuata. Mteja huyo hulipia mafuta mapya akatiwa yaliyozeeka nje ya gari badala ya ndani yake. Ipo pia tabia ya kuyamimina tena kikoponi yale yaliyotoka kwenye nipeli, eti kwa kuwa yanaonekana masafi, au kwa kuwa chupa imekwisha na kazi haijakwisha. Mwenye gari ana haki ya kuomba chupa ifunguliwe mbele yake na kutazama mafuta yanayotoka yanamwagwa wapi. Yasiwe kikoponi, na yasiwe mtaroni wala kwenye udongo, kwani ni sumu. Yakidondokea rangi ya gari, rangi hiyo imwagiwe maji mengi papo hapo, na yakimrukia mtu jichoni hali kadhalika.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nililitoa mimi mwenyewe mbele ya yule mzee: gari hili ni la miaka mingi, mafuta hayajawahi kubadilishwa, na breki zinakamata. Ni kweli zinakamata. Mafuta yenye maji ni kimiminika kama mafuta yasiyo na maji, na kwenye tambarare, kwa mwendo wa mjini, dereva hatahisi tofauti yoyote hata kidogo. Tofauti inangoja mteremko, mzigo na jua la mchana, yaani wakati ambapo breki inahitajika kuliko wakati mwingine wowote. Wakati huo ukikawia kufika, kutu haikawii. Dawa za kuzuia kutu zilizotiwa kwenye mafuta huisha nguvu kadiri miaka inavyopita, pistoni za kalipa zikaanza kuganda, gari likavuta upande mmoja, na vali za ABS, ambazo vijia vyake ni vyembamba mno, zikaziba. Hasara ya kifaa hicho kimoja haiwezi kulinganishwa na lita moja ya mafuta.

Ombi langu kwako ni mambo mawili. La kwanza, makala ile ya ushauri ikirudiwa, iongezewe sentensi moja inayosema mafuta ya breki hubadilishwa kwa muda na si kuongezwa tu, na nyingine inayomtaka msomaji atazame pedi kabla ya kushika chupa. La pili, waandishi wako wanapoambiwa kwamba gari lilifeli breki, wamuulize mmiliki au kampuni yake mafuta ya breki yalibadilishwa lini mara ya mwisho, na wachapishe jibu hata kama jibu ni kwamba hakuna anayejua.

Kwa upande wangu, siku ile mzee alipomaliza aliniomba niwashe injini, nikanyage pedeli kwa nguvu na kuishikilia kwa dakika nzima, naye akizunguka kuzikagua nipeli zote 4 kama kuna inayotoa jasho. Pedeli haikushuka hata kidogo. Kisha akakata kipande cha gundi ya karatasi, akaandika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino mzito na kukibandika ndani ya boneti, karibu na kikopo, mahali ambapo fundi yeyote atakayefuata hawezi kukikosa. Gari hilo nimeshaliuza, lakini desturi hiyo nimeihamishia kwenye nililonalo sasa. Kabla ya kuandika barua hii nilikwenda kukitazama kipande changu. Imebaki miezi 3.

Wako katika usomaji,
Dereva na msomaji wako wa siku nyingi